Sokwe Aliyepiga Chafya

Huu-huu-huu, huu-huu-huu, halafu inapanda, inapanda, mpaka inakuwa kelele ya kupasua sikio: waaa! waaa! Kisha kimya kidogo. Kisha chafya. Chafya ya mtu mzima kabisa, yenye kamasi. Halafu inaanza upya.

Hiyo ndiyo sauti niliyoshinda nayo kuanzia mwaka 2012. Ilitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mlango wa ofisi yetu ya utalii, pembeni ya soko la Kibondo. Bosi aliipata sijui wapi. Huyo aliyewarekodi sokwe porini alikuwa na mafua, na pale ofisini hakuna aliyejua kuikata ile chafya. Watoto wakitoka shule walikuwa wanasimama kuisubiri. Ikifika tu, wanapasuka: "Sokwe ana mafua! Mpeni tangawizi!"

Wadogo zangu, mnaponiita mstaafu mnacheka, kwa sababu mvi sina. Chekeni. Wenzangu wanastaafu kwa barua, mimi nilistaafu kwa chafya, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Lakini haupiti mwezi bila mtu kuja hapa Kasulu ninapouza vitenge, ananiuliza: dada Yusta, wewe ulikuwa mtu wa utalii, tunataka kwenda kuona wanyama, tumwamini nani? Na wengine mnaitaka kazi yenyewe, mnataka sare ya kaki na kofia. Nimechoka kueleza kwa mdomo huku napima kitambaa. Naandika, someni.

Mimi shule ilinishinda. Kidato cha nne nilitoka na ziro yangu safi, nikarudi Titye kwa baba, katekista Lazaro. Kichwa kilikuwa kimejaa safari. Ndege ikipita juu, hata ile ya mbali inayoacha mstari mweupe tu, nilikuwa naacha jembe nipunge mkono, nikiamini iko siku rubani ataniona. Basi niliposikia kuna mtu amefungua ofisi ya safari Kibondo na anatafuta msichana wa mezani, nilikwenda na gauni la kanisani.

Bosi Festo alikuwa mgeni, ametoka mbali. Cheti hakukiuliza. Aliuliza, "Baba yako nani?" Nilipomjibu akatabasamu, akaniambia nianze kesho. Mimi nikadhani ameona kipaji.

Sasa sikilizeni jinsi watu wa kwetu Buha walivyokuwa wanachagua kampuni ya safari. Mteja anaingia. Haanzi na lililomleta, hiyo kwetu si heshima. Anapiga makofi yake ya salamu, *Mwakeye*, anaulizia nyumbani, anaulizia mvua, anaulizia maharage. Kisha: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikisema wa kwa katekista Lazaro wa Titye, uso unafunguka. "Aa! Yule aliyemzika mama yangu mkubwa!" Basi, imekwisha. Anaandikisha jina hapohapo. Leseni hajauliza, gari hajaliona, wala hajauliza kama huko tunakosema tumewahi kufika. Hata watumishi wa serikali kutoka mikoa mingine, wakikaa Kibondo miaka miwili mitatu, walikuwa wanachagua hivyohivyo.

Siku moja nilimsikia bosi akiongea na simu, anacheka. "Huku hawanunui safari, bwana. Wananunua mtoto wa katekista." Nami, mjinga, nilifurahi. Nilirudi chumbani nikajitazama kwenye kioo.

Aliyejaribu kunifumbua macho ni dereva wetu, Mzee Bukuru. Wazazi wake walitoka Burundi wamembeba mgongoni. Uraia alishaupata siku nyingi, ila Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea na Kirundi wameshikana mikono. Kabla ya safari yoyote alikuwa analala chini ya gari nusu saa. Nikimwambia tumechelewa, ananijibu akiwa hukohuko chini: "*Buhoro*, mwana wanje. Polepole. Mteja akichelewa atanuna, akianguka mtoni hatanuna tena."

Mwaka wa kwanza safari zetu zilikuwa za kweli. Bosi alikuwa anakodi nafasi kwenye boti za watu wa Kigoma, tunakwenda Gombe kama watu wengine. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Niliandikisha familia ya daktari mmoja, baba, mama na watoto wawili wadogo. Umri sikuuliza. Tumefika Kigoma, tunaambiwa watoto wadogo hawapandi kwenda kwa sokwe. Sheria. Yule wa mwisho alikuwa amevaa uso wa sokwe aliojitengenezea kwa boksi la sabuni, ameutoboa macho mwenyewe. Akakaa ufukweni na mama yake, uso wa boksi hajauvua, machozi yanatoka kwa chini, boksi linalowa. Nami nikalia. Tukawa tunalia wawili, mteja na kampuni.

Njia nzima ya kurudi Mzee Bukuru alinifundisha. Kabla hujaandika jina la mtu, muulize ana miaka mingapi. Ana kikohozi? Ana mafua? Kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na mafua yako wewe ya kupona kwa tangawizi, yeye yanaweza kumuua. Nani ana presha? Nani hajui kuogelea? Majaketi ya kuokolea ni mangapi, na umeyahesabu kwa macho yako au kwa mdomo wa mwenye boti? Nikaandika yote kwenye daftari. Bosi alipolikuta, akalichana. "Unawatisha wateja, Yusta. Kazi yako ni kusema ndiyo."

Kwa hiyo la kwanza, shikeni hili. Ukiingia kwenye ofisi ya safari na hakuna anayekuuliza swali hata moja kuhusu wewe, toka. Mtu anayekupeleka kweli porini ana wasiwasi na wewe. Anayetaka jina lako tu hana wasiwasi na chochote. La pili alilisema Mzee Bukuru akibadilisha tairi: "Akikwambia hakika utamwona mnyama, mkimbie. Mnyama hana mkataba na mtu."

Sisi bango letu liliandikwa MTAWASIKIA NA MTAWAONA. Na pembeni ya maandishi hayo kulikuwa na picha ya chui. Hapo ndipo nafika kwa Mwalimu Zuhura, na mkono unakuwa mzito.

Mwalimu Zuhura alikuwa mtu wa Pangani. Alipangiwa Kibondo akiwa msichana, akasema atakaa miaka miwili, yakawa maisha. Alinifundisha darasa la tano, wakati nakaa Kibondo kwa shangazi. Kwenye ukuta wa darasa lile alikuwa amechora sokwe kwa rangi ya mafuta, mkubwa kama mtu, ameshika tawi. Picha ya kitabuni ilikuwa imefifia kama moshi, kwa hiyo masikio alimchorea madogo madogo, ya binadamu. Na kila mwaka aliwaambia watoto ukweli. "Hapo kwenye masikio nimebahatisha. Mimi sijawahi kumwona." Mwalimu gani mwingine mmewahi kumsikia akisema hivyo?

Mwaka 2014, karibu na likizo ya Juni, alikuja ofisini. Mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu, anarudi kwao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Yusta mwanangu. Nataka kwenda kuona masikio."

Nikacheka, akacheka. Kisha akasimama mbele ya bango, akapandisha miwani.

"Huyu ni nani?"

"Chui, Mwalimu."

"Chui gani mwenye mistari? Hebu nitazame mimi. Huyu ni chui milia, kwao Bara Hindi. Kigoma atakuja na nini, na treni?"

Bosi akatoka ndani anasugua mikono. "Mapambo tu, Mwalimu. Mapambo."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Kisha akanigeukia. "Mwenye kampuni hajui wanyama. Lakini wewe nakujua, na baba yako namjua. Andika jina langu."

Hapo, wadogo zangu. Hapo ndipo pananiuma. Mwanamke aliyekuwa anaona nukta iliyosahaulika kwenye daftari la mtoto wa mwisho nyuma ya darasa, aliona kosa kubwa kama bango, akalisamehe kwa ajili yangu. Kampuni isiyojua mnyama yupi ni wa kwao na yupi ni wa kwa wenzao, ya nini kuisamehe? Ninyi msisamehe. Hata kama msichana wa mezani ni binamu yenu.

Asubuhi ya safari, Mzee Bukuru akatoka chini ya Landkruza, anafuta mikono.

"Yusta, karatasi ya hifadhi umeiona?"

"Bosi anayo."

"Umeiona?"

"Jamani, Mzee Bukuru, mbona leo umekuwa polisi?"

"*Ego*," akasema. Ndiyo. Akapanda.

Abiria walikuwa watano: Mwalimu, wauguzi wawili wa kike, na karani mmoja wa halmashauri na mkewe. Karani alikuwa amevaa viatu vya kung'aa, tukamtania mpaka Kasulu. Mwalimu alibeba daftari jipya na penseli mbili, zimechongwa. Mimi nilikuwa nimevaa kofia ya kaki. Furaha niliyokuwa nayo ile asubuhi, nikiikumbuka naona aibu.

Kasulu tukateremka kunywa chai. Bosi akasogea pembeni na simu sikioni. Sikuisikia ikiita. Akarudi ameshika kichwa.

"Ndugu zangu, boti imeharibika Kigoma. Lakini Mungu ni mwema. Kuna sokwe karibu zaidi, upande wa Kitanga, msitu wa mtoni. Hao ni wa huru, hawako hifadhini."

"Wa huru?" Karani akadakia. "Kwa hiyo hawakatwi kodi? Nipelekeni nikaishi nao."

Watu wakacheka. Mwalimu Zuhura hakumtazama bosi. Alinitazama mimi.

"Yusta, huko kwenu kuna sokwe?"

Mimi nimezaliwa Titye. Kitanga nilikuwa nakwenda kwa harusi, kwa misiba, kutafuta mbegu ya maharage. Sijawahi kusikia hata mlevi akidai amekutana na sokwe. Nilijua. Lakini nilikuwa nataka wawepo. Niliwataka sana wawepo, na penseli zile mbili zimechongwa.

"Watakuwepo, Mwalimu," nikasema.

Bosi akakodi bodaboda, eti anatangulia kuongea na askari wa msitu. Alikuwa na begi mgongoni. Sisi tukafuata polepole, na barabara ilipoishia Mzee Bukuru akazima gari, akafunga mikono. "Mimi nachunga gari." Tukashuka kwa miguu kupitia mashambani. Mama mmoja aliyekuwa anapura maharage akaniuliza kwa Kiha tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kuona sokwe. Akacheka mpaka akaacha fimbo, akashika kiuno.

"Amesema nini?" Mwalimu akauliza.

"Anatutakia safari njema."

Tulifika mtoni, kwenye miti mizito. Tukakaa juu ya gogo. Karani akavua viatu vyake, akaviweka kando kama yuko msikitini. Mwalimu akafungua daftari kwenye magoti. Tukangoja. Ndege wa mtoni tu, na maji.

Kisha: huu-huu-huu. Huu-huu-huu. Kutoka ng'ambo, ndani ya majani.

Mwalimu akanishika mkono. "Subhanallah," akanong'ona. Alikuwa anainua shingo kama mtoto aliye nyuma ya watu wazima. Sauti ikapanda, ikapanda, waaa! waaa! Na mimi pale pale ndani ya moyo nikaanza kuomba. Niliomba Mungu, yule wa baba yangu, aizuie. Kimya kidogo.

Chafya.

Mkono wa Mwalimu ukalegea, kidole kimoja kimoja.

"Yusta. Nani kapiga chafya?"

Mwalimu alikuwa anapita sokoni kila jioni. Hakuna mtu Kibondo ambaye hakuijua chafya ile. Nilikuwa na nafasi moja ya kusema kweli, na wala halikuwa jambo gumu. Ningesema tu, Mwalimu, ni bosi. Mwalimu, nisamehe.

"Ni askari wa msitu, Mwalimu."

Ikaanza upya, kwa mpangilio uleule. Muuguzi mmoja akaachia kicheko, "Jamani, hata huku wana mafua?" Halafu akaelewa alichokisema, akaziba mdomo kwa kiganja. Karani akaanza kuvaa viatu, polepole, anahangaika na kamba. Mwalimu akafunga daftari. Akasimama, akajipangusa majani. "Twendeni," akasema. "Miguu imechoka."

Tukarudi Kibondo. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwa Mwalimu. Nilimbebea kikapu mpaka mlangoni. Akakipokea. Akanitazama usoni, muda mrefu, kwa upole kabisa, kama anavyotazamwa mtoto mgeni aliyeletwa shuleni katikati ya muhula.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Hivi wewe ni wa kwa nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelijibu kila siku kwa miaka miwili. Siku ile nilivuta kofia ya kaki mpaka machoni. Akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Kesho yake Mzee Bukuru aliweka ufunguo wa gari mezani, akaondoka kwenda Kigoma. Nami nilivua kofia. Bosi alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Sasa mnalalamika nini? Tuliahidi wawasikie na wawaone. Nusu nimetoa!"

Habari zilifika Titye kabla yangu. Baba alinikuta jikoni. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Yusta, mimi niliulizwa lini habari za sokwe, mpaka jina langu liwadhamini?" Akatoka. Jumapili ile, wakati wa matangazo kanisani, niliona watu wanamtazama usoni kuliko kawaida.

Kama mnangoja niseme bosi alipatikana na balaa, hakupatikana. Mwaka 2015, wakimbizi walipoanza kumiminika kutoka Burundi, na mashirika ya misaada nyuma yao, kila mwenye gari la kukodisha alipata kazi. Akateremsha bango, akakodisha Landkruza, akanawiri. Watu wanamwamkia. Na Mwalimu Zuhura aliondoka Desemba ya mwaka ule wa safari. Alisindikizwa na nusu ya Kibondo, watoto wanaimba, na mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na magunia ya unga wa muhogo, mpaka basi likaondoka. Shangazi aliniambia Mwalimu hakumsimulia mtu yeyote habari za ile safari. Angenitangaza, ningepata hata pa kujitetea.

Msije mkaniambia wote ni wezi. Mwishoni mwa 2015 Mzee Bukuru alinipigia simu. Alikuwa amepata kazi kwa mama mmoja wa Kigoma mwenye boti yake. Wanahitaji mtu wa kubeba chakula siku moja, nije. Nilifika ufukweni nikamkuta yule mama na karatasi, anauliza kila mtu: umri, kikohozi, presha. Alinionyesha kibali cha hifadhi kabla sijakiuliza. Kijana mmoja wa mjini, amevaa vizuri, kamera shingoni, akapiga chafya kwenye foleni. Mama akasimama.

"Pole, kaka. Leo huendi."

"Vumbi tu, dada!"

"Utakuja ukipona. Nafasi yako naitunza."

Kijana akafoka, akatishia, mama hakusogea hata hatua. Nikageuka upande wa ziwa ili wasione uso wangu. Siku nyingine mkiniuliza tumwamini nani, jibu langu ni hilo: yule anayeweza kukukatalia.

Tulipanda mlima saa tatu nzima bila kuona kitu, na kiongozi wetu alituambia wazi kwamba tunaweza kurudi hivyohivyo. Kisha akainua mkono. Alikuwa dume, amekaa kwenye mzizi, ametupa mgongo. Akageuza kichwa. Masikio ni makubwa, wadogo zangu. Yametoka nje pande zote mbili kama uyoga ulioota ubavuni mwa gogo, na jua likiyapiga kwa nyuma yanakuwa mekundu kidogo. Akaanza kuita, huu-huu-huu, ikapanda mpaka juu, ikanyamaza. Mwili wangu wote ukakaza, unangoja chafya. Haikuja.

Wiki ya pili yake nilikwenda Kibondo. Shule zilikuwa zimefungwa, na mlango wa darasa la tano hauna kitasa. Sokwe wa Mwalimu bado yuko ukutani, rangi imebabuka kifuani. Nilisogeza dawati, nikapanda. Nilitafuta kipande cha chaki, nikamchorea masikio, la kulia kwanza, halafu la kushoto, makubwa, yametoka nje. Kisha nikashuka, nikafuta nyayo zangu kwenye dawati kwa upande wa kanga, nikalirudisha mahali pake.